Hedifoni tatu, dumbaki moja: tatizo ni draiva au ni masikio yangu?

MwanaFidla (Unguja)

Wakuu, hamjambo. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti, maana wauzaji nimeshawachoka.

Napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu hapa Mjini. Si mkongwe, nakaa kiti cha nyuma. Kila Jumanne tunarekodi mazoezi, siku nyingine kwa simu, siku nyingine kwa miksa ndogo ya kikundi (kile kifaa cha kuchanganyia sauti), halafu mimi ndiye nakwenda nayo nyumbani kusikiliza nani kakosea wapi. Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa nina hedifoni nyingi, si kwa kuwa nina sikio zuri.

Ninazo tatu, zote za kuchomeka sikioni na zote za waya.

Ya kwanza nilinunua Darajani, Sh 25,000. Ina draiva moja ya dainamiki, milimita 10. (Draiva ni kile kispika cha ndani, asije mtu akaniuliza anaendesha gari gani.) Dumbaki (ngoma yetu) linatoka na tumbo lake lote, besi inanguruma, lakini kanuni (ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) na fidla zimekumbatiana, sijui ipi inaishia wapi.

Ya pili niliagiza Dar, Sh 85,000. Muuzaji alinihesabia kama anahesabu maembe: kila sikio draiva 5, yaani BA 4 (aina nyingine ya draiva) na dainamiki 1, "jumla 10 dada, kama umekaa safu ya mbele." Nikiichomeka kwenye simu, kanuni nasikia kila kucha inapogusa uzi, ila vipatu vya rika (kile kitari kidogo) vinachoma. Sasa maajabu: nikiihamishia kwenye miksa, rika linafifia kana kwamba kuna mtu kalifunika kanga. Hedifoni ileile, rekodi ileile!

Ya tatu kaniletea kaka yangu anayefanya kazi Maskati, alikwishaitumia miaka miwili. BA moja tu kila sikio, na nasikia ilinunuliwa kwa pesa nyingi. Fidla humo ni safi mpaka naona haya. Lakini besi hakuna. Hakuna kabisa. Dumbaki linasikika kama mtu anagonga kibiriti.

Inakuwaje ya bei kubwa ikose besi na ya Darajani iwe nayo? Na miksa inaibadilishaje hedifoni? Nataka kubaki na moja, nyingine niziuze.

Chapchap255

Dada uza zote, chukua zisizo na waya. Waya ni mambo ya kale.

MwanaFidla

Nilishajaribu. Nikitaka kupiga fidla juu ya rekodi huku najisikiliza humohumo kwenye hedifoni, sauti ya fidla yangu inanifikia imechelewa, mkono wangu na masikio vinagombana. Waya sitoki.

FundiLehemu (Morogoro)

Dada, usiuze kitu kwanza.

Mimi nimeshika chuma cha lehemu tangu zama za redio za kaseti, na miaka ya karibuni kazi yangu kubwa ni shimesikio, vile vifaa vya wazee wasiosikia vizuri. Kwa hiyo hiyo BA yako tunajuana nayo vizuri. Nianze nayo maana ndiyo inayoonewa.

Draiva ya dainamiki ni ngoma, wala sitanii. Pana kiwambo chembamba, nyuma yake kimegandishwa koili ya waya, na koili imekaa kwenye sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inakwenda mbele na nyuma, kiwambo kinafuata, hewa inasukumwa. Kiwambo cha milimita 10 kwa tundu la sikio ni kikubwa, kwa hiyo kusukuma hewa si kazi kwake. Angalia gamba la hiyo ya Darajani utaona vitundu vidogo vya kupumulia. Mtengenezaji anavitumia kupanga besi iwe kiasi gani. Jasho likikauka humo upande mmoja, sauti inapinda, na mwenyewe anakuja kwangu akidai imeungua.

BA, yaani balansi amecha, ni kisanduku cha chuma kidogo kama punje ya muhindi. Ndani kuna ulimi wa chuma unaopita katikati ya koili, ncha yake ikielea baina ya sumaku mbili bila kuegemea upande wowote, na ndiyo maana ya hiyo "balansi". Umeme ukija, ulimi unainama kidogo mno, na kijiti chembamba kama unywele kinapeleka mwendo huo kwenye kiwambo kilicho juu yake. Nilipata kukifungua kimoja kwa wembe chini ya lenzi. Kukifunga nikashindwa.

Vidude hivi vilitengenezwa kwa ajili ya shimesikio, ambako unataka kitu kidogo, kisichokula betri, kinachotoa maneno ya mtu waziwazi. Kampuni za Knowles ya Marekani na Sonion ya Denimaki zinaviunda. Kwenye muziki viliingia baadaye: mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ilitoa hedifoni ya ER-4 yenye BA moja tu kila sikio, na katikati ya miaka ya 1990 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, akaunganisha mbili kwa ajili ya mpiga ngoma wao, moja ya sauti za chini na moja ya juu. Huko ndiko ulikoanzia huo mtindo wa kuhesabu maembe.

Sasa besi yako. Naomba ufanye jambo moja kabla ya yote. Weka rekodi yenye dumbaki, vaa hiyo ya Maskati, isukume ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, hewa inavuja. Sauti ya chini haitaki mwanya. Tundu la sikio likizibwa vizuri, hata kiwambo kidogo kinatosha kuijaza ile hewa kidogo iliyobaki kati ya hedifoni na ngoma ya sikio. Pakibaki mwanya mwembamba tu, besi inatoka nje na sauti za juu zinabaki. Hiyo ya dainamiki nayo inavuja, usidhani imepona, ila imewekewa besi ya ziada, ikipoteza nusu hujui. BA yako haikuwekewa ziada, ikipoteza nusu unabaki na kibiriti.

Vimpira ulivyonavyo, vile vya mdomoni mwa hedifoni vinavyoziba sikio, si vya kaka yako? Sikio lake si lako. Tena sikio lako la kulia si lako la kushoto, wengi hawalijui hili. Jaribu kila saizi, kila upande peke yake. Ukivaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili tundu linyooke. Vikiwa vile vya ngazi tatu vinavyoingia ndani sana, kuvitoa zungusha polepole, usichomoe kwa nguvu.

Halafu tazama mdomoni mwa hedifoni, pana kichujio kidogo. Miaka miwili ya nta ya kaka yako iko humo.

Miksa nalijibu usiku, mteja kaja.

FundiLehemu

Nimerudi. Hilo la miksa ndilo nililolipenda zaidi, maana watu hudhani ni uchawi.

Hedifoni ina ukinzani wake kwa umeme, unapimwa kwa ohm. Ya dainamiki ukinzani wake haupandi wala kushuka sana kutoka sauti za chini hadi za juu. Lakini hiyo yenye draiva 5 ndani yake ina krosova, vile vipande vinavyogawa kazi: besi kwa dainamiki, za juu kwa BA. Matokeo yake ukinzani unapanda na kushuka kama barabara ya Lushoto.

Chukua namba za mfano. Tuseme kwenye besi ina ohm 40, kwenye rika inashuka mpaka 10. Tundu la simu au adapta nzuri lina ukinzani wake wa ndani, tuseme ohm 1. Umeme wa sauti unagawanywa baina ya tundu na hedifoni kwa kadiri ya ukinzani wa kila mmoja: besi inapata 40 kati ya 41, rika linapata 10 kati ya 11. Tofauti haifiki desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti), husikii kitu. Sasa hamia kwenye miksa ambayo tundu lake la hedifoni lina ohm 40. Besi inapata 40 kati ya 80, yaani nusu. Rika linapata 10 kati ya 50, yaani moja ya tano. Hapo tofauti ni kama desibeli 8! Kanga yako ndiyo hiyo. Hakuna kilichoharibika, wala hujawehuka.

Kwa hiyo usipime mazoezi ya kikundi kwa hedifoni ya draiva nyingi kwenye ile miksa. Utamwambia mpiga rika aongeze nguvu na kosa si lake. Kwenye miksa tumia ya Darajani. Na asikuuzie mtu adapta yenye rezista ndani eti inaondoa ule mvumo wa "shhh". Mvumo inaondoa kweli, lakini inakuletea palepale ulipokimbia.

Siku ukiwa na pesa, kuna aina ya tatu, plana: utando mwembamba uliochapwa nyaya juu yake, sumaku zikiwa mbele na nyuma, utando wote unasogea kwa pamoja. Hedifoni iitwayo 7Hz Timeless ya mwaka 2021 ni ya namna hiyo, milimita 14.2. Ukinzani wa plana karibu haubadiliki, miksa yoyote haiichezei. Ila inataka nguvu, simu nyingine zinahema.

Kuchoma kwa rika kwenye simu ni suala jingine na wala si kosa la BA kwa kuwa ni BA. Sikio lililo wazi lenyewe linakuza sauti za karibu na 3,000 Hz (mitetemo 3,000 kwa sekunde), ndivyo tundu lilivyoumbwa. Ukilizibia hedifoni ule ukuzaji unapotea, mtengenezaji inabidi aurudishe kwa makusudi. Akizidisha, au akiuweka juu kuliko inavyotakiwa, vipatu vinakuwa sindano. BA nne zikipangwa vibaya zinashindwa na moja iliyopangwa vizuri. Kuzipanga ndiyo kazi ya gharama, kuzijaza tu hata mimi naweza.

Dum_Tak (Tanga)

Fundi nakuheshimu sana, ila mimi mpiga dumbaki nakataa kidogo. Nimevaa BA, nimeziba vizuri, besi ipo. Nasikia "dum". Lakini haina ile pumzi. Dainamiki ikipiga "dum", nasikia ngozi inarudi baada ya kiganja kuondoka. BA inanipa "dum" imekatwa kwa mkasi. Nimepiga ngozi ya samaki na ya plastiki, najua tofauti ya kurudi kwa ngozi.

FundiLehemu

Dum_Tak, sikubishii sana. Kisanduku kimoja cha BA kikidaiwa besi nyingi kwa sauti kubwa, ulimi wake unafika ukingoni mapema na sauti inaanza kukwaruza, dainamiki bado ina nafasi ya kutembea. Ndiyo maana hizo za mseto, zenye BA na dainamiki pamoja, zinampa dainamiki kazi ya chini. Ninachokataa ni mtu kusema BA haina besi kabla hajabadilisha vimpira. Na wewe unapiga dumbaki kila siku, kwanza niambie unasikiliza kwa sauti ya kiasi gani?

Dum_Tak

Hilo tuliache.

FundiLehemu

Haya, ila usije ukanitembelea dukani kwa lile jambo jingine ninalotengeneza. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki. Ukiziba vizuri huhitaji hata kufika huko, maana kelele za nje haziingii sana.

MwanaFidla

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilisukuma kwa kidole kama ulivyosema Fundi. Besi ikaja! Nikaachia, ikaondoka. Nikacheka peke yangu, mama akauliza nina nini. Basi nilikuwa na jozi nne za vimpira kwenye kikopo, nikazijaribu zote: kulia kinanikaa cha kati, kushoto kikubwa. Muda wote nimevaa vidogo pande zote mbili. Kichujio nacho nimekitoa, sisemi nilichokiona, kaka atasoma hapa.

Sasa dumbaki ni dumbaki. Si kubwa kama kwenye ile ya Darajani, na Dum_Tak nimekuelewa kuhusu pumzi, lakini nasikia kiganja na vidole mbalimbali, ambavyo kwenye dainamiki yangu vyote vilikuwa bonge moja. Nikaweka rekodi ya Jumanne iliyopita. Pale katikati, kanuni inaponyamaza, fidla tatu tunashuka pamoja mpaka uzi wa chini, ule wa G. Kwenye ya Darajani nilikuwa nasikia uzito mzuri tu. Kwenye draiva 5 nilisikia kama kuna mkwaruzo, nikailaumu hedifoni, nikawaambia wenzangu hii mbovu.

Nimesikiliza mara sita kwa ya Maskati. Fidla mbili ziko pamoja, moja iko chini kidogo. Ni ya kiti cha nyuma.

Draiva 5 nitaiuza, atakayeitaka aje na simu yake, si na miksa. Na mwenye uzi mpya wa G wa fidla hapa Mjini anijulishe kabla ya Jumanne.