Mjamzito mwenye pumu: ameacha inhela ya kahawia, anameza vidonge

Mdogo_wa_Sakina (Arusha)
Habari za jioni wakuu. Dada ana pumu ya siku nyingi, na sasa ana mimba ya wiki 22. Majirani wamemwambia inhela ya kahawia (beklometasoni) itamdhuru mtoto, kaiacha. Anameza salbutamol ya mg 4 usiku, na inhela ya bluu (salbutamol ya kuvuta) anaitumia karibu kila siku. Tangu baridi ya Juni ianze, anaamka usiku anakohoa. Ni mimba hii au pumu?

Nesi_wa_Kliniki
Pole kwa dada. Hiyo ni pumu. Mimba nayo huleta kuhema, kwa sababu homoni humfanya mama avute hewa nyingi zaidi hata akiwa amekaa, lakini haitoi mlio wa filimbi kifuani wala haimwamshi mtu saa tisa usiku kwa kikohozi.

Arudie ya kahawia leo hii kwa kiwango alichoandikiwa, kesho aende akaonwe, asingoje tarehe ya kliniki. Ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu; uvimbe wa ndani unatulizwa na ya kahawia, tena kwa siku kadhaa. Kinachomdhuru mtoto ni pumu iliyoachwa: inaongeza uwezekano wa kifafa cha mimba, kujifungua njiti na mtoto wa uzito mdogo.

Kuhusu kidonge, piga hesabu: mg 4 ni sawa na mibonyezo 40 ya inhela ya mikrogramu 100, na inafika kifuani kwa kupitia kwenye damu. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, apime na TB.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kuota. Moshi ni tatizo moja. Gesi yake isiyo na harufu inamnyima mtoto oksijeni.

Mfamasia_Moshi
Wengi dawa inaishia kooni; kuvutia kwenye chupa husaidia ifike mapafuni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, pasha waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, toboa kitako, chomeka inhela plastiki ikiwa bado ya moto, ziba pembeni kwa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe. Ukiifuta kwa kitambaa dawa inanata ukutani. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, avute pumzi nne hadi sita taratibu kwenye shingo ya chupa, ndipo abonyeze tena. Baada ya ya kahawia asukutue na kutema, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni.

Mtungi wa bluu huwa na mibonyezo 200. Kuutikisa hakukwambii kama dawa imebaki, gesi hubaki hata dawa ikiisha.

Mdogo_wa_Sakina
Asanteni sana. Akibanwa ghafla usiku?

Mkunga_Mstaafu
Akae wima, asilazwe chali. Ya bluu kwa chupa, mbonyezo mmoja mmoja hadi 10, huku usafiri unatafutwa. Kama hamalizi sentensi, midomo inabadilika rangi au mtoto amepunguza kucheza, msingoje ifike 10, ondokeni, aendelee kuvuta njiani.

Kwenye kadi ya kliniki iandikwe PUMU kwa herufi kubwa. Sindano ya ergometrini ya kuzuia damu baada ya kujifungua inaweza kumbana kifua. Oksitosini haina shida hiyo. Presha ikipanda, waambieni ana pumu kabla hajapewa labetalol, dawa ya presha ambayo nayo inaweza kumbana kifua: kwa mwenye pumu kuna methildopa na nifedipini. Diklofenaki ya maumivu nayo mwulizeni daktari kwanza. Uchungu ukianza, inhela zote mbili ziwe kwenye begi.