Chata au shule ya wilaya hapa Columbus? Tulinganishe kwa hesabu

BabaNeema614
Wakuu, habari za majukumu. Mtoto anaingia gredi ya 5 Agosti hii na bado yuko kwenye programu ya Kiingereza. OELPA yake ya mwisho (mtihani wa jimbo wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, ngazi 1 hadi 5): kusikiliza 4, kuongea 4, kusoma 3, kuandika 2. Nimebaki na shule tatu mkononi:

A: shule ya chata (ya umma lakini haiendeshwi na wilaya), chekechea hadi gredi ya 8. Ripoti ya jimbo la Ohio inaipa Achievement nyota 2, Progress nyota 4.
B: shule ya wilaya, ya mtaani kwetu. Achievement nyota 3, Progress nyota 2.
C: chata ya mtandaoni, mtoto anasomea nyumbani. Hawa wanapiga simu kila siku.

Nikijumlisha, A na B zinakaribiana mno. Mnazipimaje? Naomba hesabu, sifa nimeshazisikia za kutosha.

Mzee_wa_Takwimu
Ndugu, usijumlishe nyota. Hizo mbili zinajibu maswali tofauti. Achievement, tuiite Ufaulu, inauliza watoto walikuwa wamefika wapi siku ya mtihani. Progress, tuiite Ukuaji, inauliza wamesogea kiasi gani kutoka pale matokeo yao ya nyuma yalipowaonyesha.

Ufaulu unapikwa hivi. Kila matokeo ya mtihani wa jimbo yanapewa uzito kulingana na ngazi: ya chini kabisa 0.3, inayofuata 0.6, kufaulu 1.0, juu yake 1.1, ya juu kabisa 1.2. Ambaye hakufanya mtihani anahesabiwa 0. Tuchukue matokeo 50 ya kubuni: 15 ya ngazi ya chini, 10 ya pili, 20 ya kufaulu, 5 ya juu yake. Hiyo ni 4.5 + 6 + 20 + 5.5 = 36. Gawanya kwa 50, zidisha kwa 100, unapata 72. Sasa ongeza watoto wawili waliopaswa kufanya wakakosa: 36 kwa 52 ni 69.2. Karibu pointi tatu zimeyeyuka na hakuna mtoto aliyesahau chochote. Kwa hiyo kabla hujailaumu shule kwa Ufaulu, tazama asilimia ya waliofanya mtihani.

Halafu Ufaulu unafuata sana mfuko wa wazazi na muda ambao mtoto amekaa nchini. Shule inayopokea watoto waliotua juzi kutoka kambi za Nyarugusu au Kakuma itakuwa na Ufaulu wa chini hata walimu wake wawe malaika. Ukuaji ndio unaosema kazi ya shule. Nyota 3 maana yake watoto walikua kama ilivyotarajiwa, 4 walizidi, 2 hawakufikia. Kwa maelezo yako, B inapokea watoto walio mbele kidogo na kuwarudisha nyuma, A inapokea walio nyuma na kuwasogeza. Mimi ningeanzia A.

MamaWaTatu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umempa A kombe dakika ya kumi. Nyota 4 za Ukuaji ni wastani wa shule nzima, masomo yote, na ndani yake kuna hadi miaka mitatu imechanganywa. Mtoto wa Baba Neema hasomi shule nzima, anasoma gredi ya 5. Inawezekana kabisa nyota zote zinaletwa na mwalimu mmoja wa hesabu wa gredi ya 7.

Baba Neema, fanya hivi:

Nenda reportcard.education.ohio.gov. Tafuta shule kwa namba yake ya IRN, ile ya tarakimu sita, usitafute kwa jina. Chata zenye matawi zina majina yanayofanana kama mapacha, watu wanasoma ripoti ya tawi jingine bila kujua. Iulize ofisi ya shule IRN yao. Wakisitasita, hilo nalo ni jibu.

Fungua Ukuaji, kisha maelezo ya gredi moja moja na somo moja moja. Andika gredi ya 4, 5 na 6, kusoma na hesabu. Hapo una visanduku sita kwa kila shule. Ripoti hutoka Septemba, kwa hiyo unayoiona sasa ni ya mwaka wa masomo uliopita. Rudia kwa miaka miwili ya nyuma.

Ukimaliza, tazama darasa lina watoto wangapi. Kwenye darasa la watoto 25, mtoto mmoja ni asilimia 4. Watatu wakiamka na homa siku ya mtihani, kiwango kinashuka kwa 12. Chata nyingi ni ndogo, kwa hiyo namba zao hurukaruka kuliko za wilaya. Mwaka mmoja mzuri au mbaya usikushtue.

Na mkumbuke Ukuaji wa gredi huanza kuhesabiwa gredi ya 4, kwa sababu mitihani ya jimbo huanza gredi ya 3 na lazima kuwe na matokeo ya nyuma ya kulinganisha. Mwenye mtoto wa gredi ya 1 asitegemee kipimo hiki. Yeye atazame sehemu ya Early Literacy, yaani kusoma kwa watoto wadogo, tena aangalie asilimia ya waliofaulu kusoma gredi ya 3. Ile ya waliopandishwa kwenda gredi ya 4 aipite tu: tangu sheria ya kumkaririsha gredi ya 3 asiyefikia alama ya kusoma ilipolegezwa 2023, mzazi na shule wanaweza kukubaliana mtoto apande hata kama hakufikia alama.

BabaNeema614
Ahsante mama. Nimefungua. A: hesabu gredi ya 5 imezidi matarajio miaka yote mitatu. Kusoma gredi ya 5 ni sawa na matarajio miaka miwili, mmoja chini. B: hesabu iko chini, kusoma sawa na matarajio. Kwa hiyo kwenye kusoma, ambako ndiko shida ya mtoto iliko, hazipishani sana?

Mzee_wa_Takwimu
Marahaba Mama wa Tatu. Nakubali, kombe nalirudisha mezani.

Mwl_wa_Kiingereza
Hapo ndipo pa kusimama muda mrefu kidogo. Kwa mtoto mwenye 4, 4, 3, 2 nyota za jumla hazisemi mengi. Ili ahesabiwe amefuzu OELPA anatakiwa apate 4 au 5 katika maeneo yote manne. Kusikiliza na kuongea ameshamaliza. Kilichobaki ni kusoma hatua moja na kuandika hatua mbili. Kuongea huja haraka, mtaani na uwanjani. Kuandika hakuji bila mtu kukaa na mtoto na kusahihisha. Wengi hukwama hapo miaka miwili, mitatu, na shule inadhani hawana shida kwa sababu wanaongea vizuri.

Kwenye ripoti fungua Gap Closing, sehemu ya kuziba mapengo kati ya makundi ya wanafunzi, tafuta kipimo cha wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Hicho kinaonyesha ni wangapi walisogea kwenye OELPA kama walivyopangiwa. Linganisha A na B hapo kwanza.

Mtego mmoja ambao hata walimu wenzangu wanaingia: watu wanafungua ufaulu wa kundi la wanaojifunza Kiingereza, wanaona uko chini, wanasema shule haiwajali. Fikiria kundi hilo linavyotengenezwa. Anayefuzu hatimaye hutoka, anayeingia ni mgeni wa jana. Ni kama kupima maji ya ndoo ambayo kila ikijaa unamimina. Shule inayowafuzisha haraka inaweza kuonekana mbaya kuliko inayowakalisha. Ndiyo maana unatazama kusogea. Na mgeni wa mwaka wa kwanza nchini anaweza kuachwa nje ya mtihani wa Kiingereza wa jimbo mara moja, kwa hiyo usishangae idadi ya kusoma ikiwa ndogo kuliko ya hesabu.

Tena kundi likiwa chini ya watoto 10, jimbo huficha namba zake kulinda siri za watoto. Kwenye chata ndogo unaweza kukuta pengo. Pengo si sifuri.

Ukienda kuzitembelea, waulize haya, na utake dakika na idadi:

Mwalimu mwenye idhini ya kufundisha Kiingereza kwa wageni wako wangapi, kwa watoto wangapi? Mwanangu atapata dakika ngapi kwa wiki? Anatolewa darasani au mwalimu anaingia darasani? Akitolewa, ni wakati wa somo gani? Wapo wanaomtoa mtoto wakati wa hesabu kila siku, halafu Mei wanauliza hesabu imeshuka kwa nini. Mwisho, omba kuona kazi moja ya kuandika ya gredi ya 5 iliyosahihishwa, jina limefunikwa. Kama kuna alama ya vema tu na kibandiko cha nyota, umeshajua.

Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bure, chata au wilaya, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mtoto wako asikutafsirie kikao chake mwenyewe.

Kalemie_Dayton
Mimi naiongelea C, maana naona mnaipita kimyakimya. Chuo Kikuu cha Stanford kina kituo kinaitwa CREDO kinachopima chata nchi nzima. Utafiti wao wa 2023 ulikuta wanafunzi wa chata kwa wastani wamepata sawa na siku 16 zaidi za kusoma na 6 za hesabu kwa mwaka, wakilinganishwa na wenzao wa shule za wilaya wanaofanana nao. Ni tofauti ndogo. Utafiti wao wa 2009 ulikuwa umekuta kinyume kwenye hesabu: 17% ya chata zilifanya vizuri zaidi, 37% vibaya zaidi, zilizobaki hazikuachana na shule za wilaya. Kwa hiyo neno chata lenyewe halikuambii ubora.

Lakini za mtandaoni, katika utafiti uleule wa 2023, zilipoteza siku 58 za kusoma na 124 za hesabu. Mwaka wa masomo una kama siku 180. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa Ohio tuna kumbukumbu ya ECOT. Ilikuwa chata kubwa ya mtandaoni, wanafunzi kama 12,000, ikafungwa Januari 2018 katikati ya mwaka baada ya jimbo kukuta haiwezi kuthibitisha mahudhurio iliyolipiwa. Watoto wakaanza kutafuta shule wakati darasa limeshafika nusu ya kitabu.

Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kuandika Kiingereza, kumkalisha mbele ya kompyuta na mzazi yuko zamu ya usiku ghalani… mimi ningezuia ile namba yao ya simu.

MamaWaTatu
Hapo tuko pamoja. C iondoke.

Baba Neema, kitu kingine cha A: hesabu watoto kwa gredi. Tovuti ya jimbo inaonyesha idadi. Tuseme gredi ya 5 ina 60 na gredi ya 8 ina 31. Hao 29 wameenda wapi? Pengine wamehamia shule ya kati ya wilaya yenye mpira, ni kawaida. Pengine waliambiwa kwa upole "shule hii haimfai mwanao". Wakiondoka wanaohangaika, Ufaulu wa gredi ya 8 unapanda bila mwalimu kuongeza kitu. Njia ya kujua ni kufuata kundi lilelile: gredi ya 5 miaka mitatu iliyopita, ya 6 mwaka uliofuata, ya 7 mwaka jana. Likipungua kidogokidogo, sawa. Likikatika ghafla kabla ya mtihani wa majira ya kuchipua, uliza.

Tazama pia utoro sugu, maana yake mtoto aliyekosa 10% ya muda wa masomo au zaidi. Uko hukohuko kwenye Gap Closing. Mtoto akikosa siku 18 kati ya 180, hakuna mwalimu atakayefidia.

Mzee_wa_Takwimu
Niongeze upande wa utawala, kwa kifupi. Ohio chata kisheria zinaitwa shule za jamii, na kila moja ina mdhamini anayeisimamia. Jimbo humpima mdhamini huyo. Uliza mdhamini wa A ni nani na mkataba wao unaisha lini. Mkataba unaoisha Juni ijayo ni swali zito kwa mtoto mwenye miaka minne mbele. Vikao vya bodi ya chata ni vya wazi, mtu yeyote anaweza kuingia na kuomba kumbukumbu. Soma za mwaka mmoja. Ukiona mkuu wa shule wa tatu ndani ya miaka miwili, zile nyota 4 zilipatikana na watu ambao hawapo tena.

Na wakikuonyesha grafu ya MAP au i-Ready, hiyo ni mitihani ya ndani. Inafaa, ila uliza ukuaji wa kutoka majira ya vuli hadi kuchipua uko kwenye asilimia ya ngapi kitaifa. Kwenye MAP, 50 ni ya kawaida. "Watoto wetu wote walipanda" haina maana, mtoto yeyote hupanda kwa miezi minane.

BabaNeema614
Nimepata majibu ya maswali ya Mwalimu kwa simu. A: walimu wawili wenye idhini kwa watoto 70, mtoto atapata dakika 45 mara nne kwa wiki, mwalimu anaingia darasani saa ya kusoma. B: mmoja anagawana shule mbili, dakika 30 mara mbili, anamtoa darasani, "inategemea ratiba". Kipimo cha OELPA cha A kiko juu kuliko cha B miaka miwili kati ya mitatu.

Mwl_wa_Kiingereza
Dakika 180 dhidi ya 60 kwa wiki. Kwa mtoto mwenye kuandika 2, hiyo ni tofauti kubwa kuliko nyota yoyote iliyotajwa humu. A, ila bado nenda uone ile kazi iliyosahihishwa kabla ya kusaini.

MamaWaTatu
Na mimi sasa A. Jaza fomu mapema, maombi yakizidi nafasi wanapiga bahati nasibu.

BabaNeema614
Swali la mwisho: A iko maili 5 kutoka kwetu. Basi la shule litapatikana?

Kalemie_Dayton
Wilaya ndiyo inayopaswa kumsafirisha mtoto wa chata kuanzia chekechea hadi gredi ya 8 akikaa zaidi ya maili 2, mradi safari isizidi dakika 30. Inaweza kusema haiwezekani kiutendaji na kukupa pesa badala yake. Una haki ya kukataa na kuomba usuluhishi. Omba usafiri kwa maandishi siku hiyohiyo utakayopata barua ya kukubaliwa, weka nakala yenye tarehe. Wanaoomba Agosti ndio wanaokaa Septemba nzima wakiendesha wenyewe.