Mliosambaza picha ya samaki "wenye sumu" Tanga, mmenitia hasara na mmekaa kimya!

Wakuu, nina hasira na siifichi.

Mimi nakaanga samaki Ngamiani. Alfajiri niko soko la samaki la Deep Sea, jioni niko kwenye karai. Juzi nimechukua vibua ndoo mbili, kufika jioni wateja wananipita kama hawanijui. Kumbe tangu mchana kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: samaki wa bahari ya Tanga wana sumu, watu wanakufa, watumie uwapendao. Na picha ya samaki wamekufa, wametapakaa ufukweni.

Hebu iangalieni tena hiyo picha! Wale ni SATO. Samaki wa maji baridi, hao hao wanaoletwa kutoka Mwanza. Ameingiaje bahari ya Tanga? Mtu umekula changu na tasi tangu unaota meno, unaiona picha ile na hushtuki?

Ujumbe wenyewe hauna tarehe, hauna hospitali, hauna jina la mgonjwa hata mmoja. Juu una mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huiweka ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi. Yaani aliyekutumia naye hajui ulikotoka. Mpwa wangu aliiweka picha kwenye Google Lens, ile inayotafuta picha imeshatokea wapi mtandaoni, dakika haikuisha: ipo mtandaoni miaka mingi, na ni ya ziwani.

Sasa kinachoniuma. Grupu letu la mtaa lina walimu, lina wastaafu, watu ninaowaamkia shikamoo. Nikawaeleza yote haya kwa ujumbe wa sauti. Msimamizi ananijibu, "Dada, nimetuma kama nilivyopokea, tahadhari si mbaya." Tahadhari gani? Vibua nimegawa, vingine nimemwaga, na mtaji ulikuwa mkopo wa kikoba. Marejesho ni Jumamosi. Hakuna hata mmoja aliyefuta. Uongo wao jioni ileile ulishafika Pangani, dada yangu kanipigia simu analia. Maelezo yangu hayajavuka mtaa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamshika anayetoa taarifa huku anajua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha watu. Juzi mlikuwa hamjui, sawa. Jana nimewaambia, na picha nimewaonyesha. Leo bado ipo. Ifuteni, na kila grupu mlilopeleka uongo pelekeni na ukweli, kwa majina yenu wenyewe.