Wanenguaji si wa kuzugia watu wakati mgeni rasmi hajafika!

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Kikundi chetu kimeitwa tena kwenye hafla. Tumefanya mazoezi hadi magoti yamevimba, halafu kwenye ratiba tumeandikwa "burudani", basi. Mwimbaji ametajwa, mpiga picha ametajwa, hata aliyekodisha viti yumo! Tukapandishwa jukwaani watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, tukakatishwa katikati kwa sababu mkubwa kaingia. Kuulizia malipo, najibiwa: "Kwani nyie si mnacheza tu?"

Haya, nielezeni: kama ni kucheza tu, mbona wenye mamlaka walikosa usingizi? Hawaii, mwaka 1830, malkia Kaʻahumanu akiwa ameshaingia Ukristo alipiga marufuku kucheza hadharani hula, ngoma ya jadi ya huko. Hula ilibeba nasaba za machifu na habari za miungu, mikono ikisimulia kile mdomo unachoghani. Ukiizuia, unazuia watu kukumbuka. Lakini haikufa, mfalme Kalākaua aliirudisha mbele za watu kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Brazili nao wakaitia capoeira, mchezo unaochanganya ngoma na mapigano, kwenye sheria ya jinai mwaka 1890, ukikutwa unaicheza barabarani ni kifungo. Capoeira hiyohiyo tangu 2014 imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Leo kila mtu anaisifia, bila shaka.

Halafu kuna hawa wajuaji wa "ngoma haina mwenyewe". Wengi wao ndio wanaotuibia miondoko. Nyuzilandi walipitisha sheria mwaka 2014: ukitumia Ka Mate, haka yaani ngoma ya jadi ya Wamaori, kibiashara, kwenye filamu kwa mfano, lazima useme imetungwa na Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngāti Toa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 nayo inaitaja koreografia, yaani utunzi wa miondoko, waziwazi. Na msiniambie eti miondoko haiandikiki, mtaalamu wa dansi Rudolf Laban alichapisha mfumo wa kuiandika tangu 1928.

Kwa hiyo waandaaji, andikeni jina la aliyetunga miondoko. Lipeni nusu kabla hatujapanda. Mgeni rasmi akichelewa, asimame mlangoni mpaka tumalize.

Na wewe uliyeturekodi ukaiweka video mtandaoni bila jina la kikundi, nimeiona. Weka jina au ifute.