Dibaga inakata roho kabla ya mstari wa kwanza (0xc0000139)

KodiUsiku:
Wakuu, naombeni msaada, nimegonga mwamba. Natumia Windows, kompaila ni g++ ya MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kuandikia programu, upande wa UCRT64), dibaga (programu ya kusakia makosa) ni GDB ndani ya VS Code. Nikiendesha programu yangu kwenye terminali ya MSYS2 inafanya kazi vizuri tu. Nikibonyeza F5, GDB inasema programu imetoka wakati wa kuanza na kodi 0xc0000139, basi. Alama ya kusimama nimeiweka mstari wa kwanza kabisa wa main, wala haifikiwi. Cha ajabu, kiprogramu kidogo cha C kinakubali. Nikitumia std::string tu, kifo. GDB nimeshaifuta na kuiweka upya mara mbili.

Mpitanjia:
Zima antivairasi ujaribu. Au umesahau -g, ile swichi ya kompaila ya kuongeza taarifa za dibaga.

FundiBiti:
Mkuu Mpitanjia, ukisahau -g programu inaanza kama kawaida, ila GDB haikuoneshi mistari ya kodi yako. Haiwezi kuua programu.

KodiUsiku, iache GDB kwanza, haina kosa. Hiyo namba inatoka Windows yenyewe. Ingekuwa 0xc0000135, maana yake DLL (faili la maktaba ambalo programu hulipakia) haijapatikana. 0xc000007b mara nyingi ni mchanganyiko wa biti 32 na 64. Yako, 0xc0000139, inasema DLL imepatikana lakini ndani yake hakuna kitendaji ambacho programu inakitafuta. Yaani umepewa DLL yenye jina sahihi, toleo si lake. Ndiyo maana C inapita: haiigusi libstdc++-6.dll, ambayo ni maktaba ya C++.

Fanya mawili. Fungua exe (faili la programu yako lililokompailiwa) kwa kuibofya mara mbili kwenye folda yake, usome kisanduku kitakachotokea. Halafu fungua cmd ya kawaida, siyo ya MSYS2, uandike:

`where libstdc++-6.dll`

KodiUsiku:
Duh. Kisanduku kimetokea kweli, kinataja jina refu lisilosomeka lenye "basic_string" katikati. Na where imeleta njia mbili! Ya kwanza ni folda ya programu nyingine niliyoiweka zamani hata siikumbuki. Ya MSYS2 ni ya pili.

FundiBiti:
Mchawi ndiye huyo. Terminali ya MSYS2 huitanguliza folda yake ya ucrt64 kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu na DLL), kwa hiyo pale unapata DLL sahihi. VS Code inarithi PATH ya Windows, na huko ile ya zamani ndiyo inayotangulia. Ipandishe `C:\msys64\ucrt64\bin` iwe juu yake.

KodiUsiku:
Nimeipandisha juu kabisa. Bado kodi ileile.

BintiTerminali:
Ndugu, umeipandisha kwenye PATH ya mtumiaji au ya mfumo? Windows huunganisha ya mfumo kwanza, ya mtumiaji inafuata nyuma. Kama hiyo DLL ya zamani iko kwenye ya mfumo, hata uiweke yako juu vipi kwenye ya mtumiaji itabaki nyuma yake. Mimi hili lilinila siku nzima, na nilikuwa najiona najua PATH.

Pia funga VS Code yote, madirisha yote, uifungue upya. Iliyofunguliwa kabla ya mabadiliko inaendelea na PATH ya zamani.

Mpitanjia:
Si bora aweke -static tu, maktaba ziingie ndani ya exe yenyewe, yaishe?

FundiBiti:
Inafaa, hasa kama exe unampelekea mtu asiye na kompaila. Faili litanenepa. Au nakili DLL sahihi ukaiweke kando ya exe, maana Windows huangalia folda ya exe kabla ya PATH. Ila ukiboresha kompaila kesho ukasahau hiyo nakala, utarudi hapahapa na uzi mpya.

KodiUsiku:
Ilikuwa kwenye ya mtumiaji! Nimeihamishia kwenye ya mfumo, nimefunga VS Code na kuifungua, F5... imesimama kwenye main. Asanteni sana wakuu. Sasa naona kwamba kosa nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo ni kitanzi kinachozidi kwa moja.

BintiTerminali:
😂😂 Kwa hilo tu ungeweka cout uchapishe thamani uzione.