Kujua kompaila (programu inayogeuza kodi iwe programu ya kuendeshwa) ipi imewekwa na vesheni yake kwenye Windows, Mac na Ubuntu, mnafanyaje?

fundi_westnile
Habari zenu wakuu. Nina kiprogramu nimeandika kwa Python cha kujengea miradi ya C ya wanafunzi wetu hapa Arua, wanakiendesha kwenye laptopu zao wenyewe na kila mtu ana yake, wengi Windows, wachache Ubuntu, halafu kuna dada mmoja ana Mac ya mtumba alinunua Kampala. Kitu cha kwanza kinachofanya ni kuangalia kompaila gani ipo na ni vesheni ngapi, maana mradi unataka kompaila ya GCC, vesheni 9 kwenda juu. Mimi naendesha `gcc --version` halafu nachukua namba ya kwanza kwa regeksi (mchoro wa kutafutia maandishi). Ubuntu iko sawa. Mac inasema GCC 15 na huyo dada anaapa hajawahi kuweka GCC. Kuna jamaa wa Windows anayetumia MSYS2 (mkusanyo wa zana unaoleta GCC kwenye Windows), yeye anaambiwa ana GCC 3 🤦 na mwingine aliyeweka Visual Studio, bando lote limeishia hapo, kiprogramu hakioni kompaila yoyote. Niandike regeksi ya kila mfumo ama kuna njia ya maana?

jinja_C
Achana na regeksi ssebo. Huyo wa MSYS2 mstari wake wa kwanza bila shaka uko hivi:

`gcc.exe (Rev3, Built by MSYS2 project) 13.2.0`

Hiyo 3 ni ya Rev3, ya waliofungasha, GCC yenyewe ni 13. Na Ubuntu inakubali kwa bahati tu, kwa sababu kwenye mabano wameandika namba ya paketi inayoanza sawasawa na ya kompaila. Ule mstari umeandikwa usomwe na mtu, kila anayefungasha anaweka lake.

Kuhusu Mac, hapo hakuna GCC. `/usr/bin/gcc` ya Apple ni clang yao, kompaila nyingine kabisa, jina tu ndio la GCC, na hiyo 15 ni hesabu ya Apple wenyewe, haiendi sambamba hata na clang ya asili, ya mradi wa LLVM.

Muulize kompaila mwenyewe kupitia makro zake, yaani majina yenye thamani anayoyaweka mwenyewe:

`echo | gcc -dM -E -`

Zitamwagika zote, wewe tafuta `__GNUC__`, `__GNUC_MINOR__` na `__clang_major__`. LAKINI angalia `__clang__` kwanza kabla ya kitu kingine, maana clang nayo inaweka `__GNUC__` na kujiita GCC 4.2.1 ili kodi za zamani zisiikatae. Ukikuta na `__apple_build_version__` basi ujue ni ya Apple, ipe kipimo chake peke yake.

bodaboda_dev
Mbona mnazunguka sana, si kuna `gcc -dumpversion`? Namba tupu, kazi imeisha

jinja_C
@bodaboda_dev jaribu kwenye Ubuntu ya 22.04 uone, inakupa `11` basi, hakuna nukta hakuna nini. Namba kamili iko kwa `-dumpfullversion` na hiyo imeanza GCC 7. Clang za zamani nazo ukiziuliza `-dumpversion` zinajibu 4.2.1, uongo uleule.

nyabo_wa_kodi
Niongeze ya Windows kwa sababu nimeteseka nayo kazini. `cl.exe`, kompaila ya Visual Studio, huwa haiko kwenye PATH (orodha ya mafoda ambamo mfumo unatafuta programu) mpaka ufungue ile teminali ya Visual Studio yenyewe, kwa hiyo kuitafuta kwa jina ni kupoteza muda. Kuna kiprogramu kinaitwa `vswhere.exe`, kinakaa kwenye `Program Files (x86)\Microsoft Visual Studio\Installer`, kipo tangu VS 2017 walipoanza kukitoa na installer. Kiambie:

`vswhere -latest -products * -property installationPath`

Hiyo `-products *` usiiache, bila hiyo waliojiwekea Build Tools (zana za kukompaili bila Visual Studio nzima) peke yake hawaonekani, na wenye bando ndogo karibu wote ndio wanaweka hiyo. Ukishapata foda soma `VC\Auxiliary\Build\Microsoft.VCToolsVersion.default.txt`, vesheni imeandikwa humo, huhitaji hata kuendesha cl. Kama hilo faili halipo, mtu ameweka Visual Studio bila C++, mwambie hivyohivyo badala ya kumtupia eroo ndefu.

Na yule dada wa Mac, kabla ya kuita gcc endesha `xcode-select -p`. Mac ambayo haina zile zana za Apple ukiita gcc inatoa dirisha la kumwomba azidaunlodi, skripti yako inabaki inashangaa.

fundi_westnile
Aaah sasa naona, asanteni sana. Swali dogo tu, hizi laptopu zingine ni nzito, naweza kuhifadhi jibu nisiulize kila mara?

jinja_C
Hifadhi, ila weka pamoja na njia kamili ya faili, ukubwa wake na muda lilipobadilishwa, kimoja kikibadilika uliza upya. Fuata symlink (faili linaloelekeza kwa jingine) mpaka mwisho kwa ajili ya kulinganisha tu, kuendesha tumia jina la mwanzo, kwa sababu mwenye ccache (inayohifadhi matokeo ya kukompaili) gcc yake kwenye `/usr/lib/ccache` inaelekea kwa ccache na ukiiita kwa jina hilo haitajua unataka kompaila gani. Na mtu akiweka `CC` (kigezo cha kuchagua kompaila) mwenyewe, heshimu hiyo, usianze kumtafutia nyingine.

Halafu hiyo GCC 9 unaitaka kwa nini hasa? Kama ni kitu kimoja cha C17 (toleo mojawapo la lugha ya C), andika faili la mistari mitatu ulikompaili uone kama linapita, dada wa Mac atapita bila wewe kujua namba yake.

fundi_westnile
Ni `-std=c17` tu kwa kweli 😅 ngoja nijaribu hivyo kesho kwa Mac yake