Kishimo cha bamba kinanipunja kwenye CNC ya nyumbani, nisaidieni kabla mbao hazijaisha

Fundi_wa_Umoja

Wadau, hamjambo. Niko Umoja, Nairobi, nina CNC ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), aina ya 3018, nimeiweka chumba cha nyuma, na nimepata kazi ya ngao 40 za mahogani za kutunukia wafanyakazi. Kila ngao inachukua bamba la shaba la milimita 100 kwa 60, unene 1.5. Mteja anataka bamba lilale sawasawa na mbao, ukipitisha kucha isikwame.

Nimechora kishimo cha 100.2 kwa 60.2, kina 1.6. Biti, yaani kisu kinachozunguka, nimeiandika upana wa 3.175 kwenye programu, jinsi pakiti ilivyosema. Kinachotoka ni hiki: X (urefu) 100.02, Y (upana) 59.8. Kina ni 1.4 upande wa kushoto na 1.8 upande wa kulia. Bamba haliingii hata ulibembeleze. Jana nililisindikiza kwa nyundo ya mpira, ukingo ukapasuka, na huo ni ubao wa pili kugeuka kuni. Mbao nilitoa soko la Gikomba na bei yake si ya kuchezea.

Rafiki yangu ananiambia nibadilishe $101, namba ya Y kwenye GRBL (programu inayoendesha mota), hadi Y ikae sawa. Nifanye hivyo? Ama nichore tu 60.6 nimalize maneno?

Vumbi_Tupu

Mimi huchora kubwa kidogo na maisha yanaendelea. Mteja hapimi kwa kalipa, kile kipimio cha sehemu za milimita.

Tupa_na_Patasi

Fundi, usiguse $101 kwanza. Ile namba ni hatua ambazo mota inapiga kwa kila milimita moja. Ikiwa imekosewa, kosa hukua na urefu: likiwa 0.4 kwa milimita 60, kwa 20 litakuwa kama 0.13. Kwa hivyo chukua kipande cha mbao ya mukima au MDF (ubao wa unga wa mbao), kata kishimo cha 20 kwa 20 kwa biti na mipangilio ile ile, upime kwa meno ya juu ya kalipa. Upungufu ukibaki 0.4 kwenye Y hata kwa kishimo kidogo, hatua hazina hatia. Ni mchezo, yaani nati na skrubu ndefu vinaachiana nafasi mashine inapogeuza mwelekeo. Ukuta wa mbele unafikiwa ukienda mbele, wa nyuma ukirudi, na ile nafasi ya kugeukia inaliwa kila mara. Ndiyo maana kishimo hutoka kidogo.

Pili, hiyo biti. 3.175 ni ule mguu unaoingia kwenye koleti, ile taya inayoshika biti, robo ya nusu ya inchi. Meno yanaweza kuwa 3.0 kamili. Usiiamini pakiti. Kata mfereji mmoja ulionyooka, pasi moja tu (biti ipite mara moja), pima upana wake, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye programu. Mfereji unakupa pia mtikisiko wa biti ikizunguka, kitu ambacho kalipa kwenye meno haitakuonyesha.

Fundi_wa_Umoja

Nimerudi. Kishimo cha 20 kimetoka X 19.82, Y 19.6. Mfereji ni 3.0, nimepima mara tatu. Yaani nimenunua pakiti nzima ya biti kumi kwenye duka moja la mjini nikiamini maandishi.

Tupa_na_Patasi

Basi hesabu imejifunga yenyewe. Programu inadhani biti ni 3.175, kumbe ni 3.0, tofauti 0.175. Hiyo ndiyo 0.18 yako ya X, na imo pia ndani ya Y. Y inabakiwa na kama 0.22, na huo ni mchezo. Ungebadilisha $101, kishimo cha 60 kingekaa sawa na kila kitu kingine kingeharibika.

Kabla hujanunua nati mpya, zima mashine, shika meza ya Y uisukume mbele na nyuma kwa vidole, jicho kwenye kapulingi inayounganisha mota na skrubu ndefu. Skrubu ndefu ikicheza lakini mota imetulia, kaza zile skrubu ndogo za kapulingi kwa ufunguo wa alen. Kama skrubu ndefu haisongi lakini meza inasonga, ni nati ya shaba, springi yake imechoka.

@Vumbi_Tupu kwa kazi ya mstatili mmoja kuchora kubwa kunapita, sikatai. Lakini mteja akija kesho na kishimo cha mviringo, tuseme cha kukalisha sarafu ya 20 ile ya ndovu, utaona duara limebonyea pale kila mhimili, X au Y, unapogeuza mwelekeo.

Vumbi_Tupu

Sawa mwalimu 😂 Lakini vaeni barakoa mkikata MDF, hiyo nasema kwa uchungu wa kifua changu.

Mama_Randa

Mnaongelea mapana na hakuna aliyegusa kina. 1.4 kushoto na 1.8 kulia, huo si ugonjwa wa biti. Ama ubao umepinda, ama meza yako haiko sambamba na njia ya mashine. Mbao za Gikomba ukizileta nyumbani msimu wa mvua zinaendelea kukauka na kujikunja, nimeshaamka asubuhi nikakuta ubao niliouacha umenyooka unacheza kama sahani mezani.

Funga MDF ya milimita 12 juu ya meza, uikwangue yote kwa biti pana hadi isibaki alama hata moja ya penseli uliyoichora juu. Sasa meza imekuwa sambamba na mashine. Kisha ubandike ngao kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Kama uso wa ngao bado si sawa, ukwangue nao kwa 0.3 kabla ya kukata kishimo, bila kuifungua. Sifuri ya Z, yaani pale kina kinapoanza kuhesabiwa, unaiweka baada ya hapo, si kabla. Na ukiipima kwa karatasi chini ya biti, kumbuka karatasi ya kawaida ina kama 0.1. Ukiisahau, kina chako kimeshapungua.

Sakafu ya kishimo ikitoka na vingazi vidogo unavyovisikia kwa kucha, mota inayozungusha biti imeinama. Weka vipande vya kopo la soda nyuma ya kishikio chake mpaka vipotee.

Halafu pembe! Bamba lako lina pembe kali au la mviringo?

Fundi_wa_Umoja

Kali. Limekatwa kwa mashine ya kukatia bati.

Mama_Randa

Basi hata ukipata 100.2 kamili halitaingia. Biti ya 3 inaacha pembe ya mviringo wa 1.5, haina namna ya kuchonga kona kali. Kuna wanaochimba masikio kwenye kona, lakini kwenye ngao yataonekana, na ni mabaya.

Tupa_na_Patasi

Kona ni patasi. Dakika moja kila kona.

Mama_Randa

Ngao 40 ni kona 160, ndugu yangu, na ikiteleza mara moja umepoteza ngao iliyokwisha. Chukua mabamba kumi, yapange sawasawa, yabane kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, uyapige tupa pamoja hadi kona ziwe mviringo wa 2. Mara kumi na sita umemaliza yote. Shaba ni laini, haikupi shida.

Tupa_na_Patasi

Hapo nimenyamaza.

Kijana_wa_Kahawa_West

Nami niongeze: usikate hadi ukutani mara moja. Acha 0.3 pembeni, uimalize na pasi ya mwisho peke yake, polepole. Biti nyembamba huinama ikibeba mzigo. Na stima ikipotea katikati ya kazi, GRBL haikumbuki ilikuwa wapi. Piga misumari miwili ya mbao kwenye MDF, ngao iegemee hapo kila mara, sifuri ya X na Y iwe ile ile.

Fundi_wa_Umoja

Wadau, ilikuwa kapulingi! Skrubu moja ndogo ilikuwa inazunguka kwa kucha. Nimekaza, mchezo wa Y umeshuka hadi 0.05. Biti nimeandika 3.0, MDF nimekwangua, mabamba kumi ya kwanza nimepiga tupa. Kishimo kimetoka 100.19 kwa 60.14, kina 1.6 pande zote. Nimeweka bamba juu, nikaachilia, likashuka lenyewe polepole kama linapumua, hewa ikitoka pembeni. Nimemwita mke wangu aje aone.

Sasa shida ni moja. Nililiweka kujaribu tu, bila gundi, na halitoki. Nimegeuza ngao, nimepiga mgongo, wapi.

Mama_Randa

Toboa tundu la milimita 4 kutoka nyuma, katikati ya kishimo, taratibu usiguse shaba. Sukuma kwa msumari butu. Na hizo 39 zilizobaki, toboa kabla ya kujaribu. Gundi ikizidi itapata pa kukimbilia.

Fundi_wa_Umoja

Limetoka. Lina alama ndogo kwa nyuma, hakuna atakayeiona.